Saa Zinapobadilika, Nani Huiambia Kompyuta?

Wasikilizaji, Jumapili ya tarehe 26 Machi 2023 watu wa Lebanon waliamka nchi yao moja ikiwa na saa mbili. Kwa kawaida Lebanon husogeza saa mbele kwa saa nzima kila Jumapili ya mwisho ya Machi, sawa na nchi za Ulaya. Mwaka ule Ramadhani ilianza Alhamisi ya tarehe 23, na siku hiyo hiyo Waziri Mkuu wa muda, Najib Mikati, akatangaza kwamba saa zisisogezwe mpaka usiku wa tarehe 20 Aprili, mfungo utakapokuwa ukingoni. Nia ilikuwa waliofunga wafuturu mnamo saa 12 jioni badala ya saa 1 usiku. Jua lingetua wakati wake ule ule, ila saa ya ukutani ingesema mapema. Tangazo lilitoka zikiwa zimebaki siku mbili na ushei.

Kanisa la Wamaroni likasema halitafuata. Vituo viwili vikubwa vya televisheni, LBCI na MTV, vikasema vitasogeza saa kama ilivyozoeleka. Shule zikagawanyika, biashara zikagawanyika. Shirika la ndege, Middle East Airlines, likabaki na saa ya serikali, lakini likalazimika kurekebisha muda wa safari zake ziende sambamba na ratiba za nchi nyingine. Kampuni za simu zikawaandikia wateja wao kwamba waweke saa za simu kwa mkono, kwa kuwa simu zilikuwa na mpango wa kusogea zenyewe. Jumatatu tarehe 27 mawaziri wakakutana, uamuzi ukafutwa, na saa zikasogezwa rasmi usiku wa kuamkia Alhamisi, tarehe 30.

Nataka tukae kidogo na simu zile zinazosogea zenyewe usiku wa manane. Hakuna aliyezigusa. Hakuna afisa wa serikali aliyebonyeza kitufe mahali fulani. Zilijuaje?

Zilijua kwa sababu ndani ya simu na seva nyingi duniani kuna mafaili madogo yenye orodha ya miji na kanuni za saa zake. Mji huu uko mbele ya saa ya dunia, ile iitwayo UTC, kwa kiasi gani? Tangu lini? Ulisogeza saa mwaka gani, na unatarajiwa kusogeza tena siku gani? Kwa mji wa Beirut faili lilikuwa linasema: Jumapili ya mwisho ya Machi, saa 6 usiku. Simu ikatii faili. Serikali ilikuwa imeshabadili amri, lakini habari hiyo ilikuwa bado haijafika ndani ya simu.

Orodha hii ilianzishwa miaka ya 1980 na Mmarekani Arthur David Olson, aliyekuwa akifanya kazi katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani. Kwa miaka mingi sasa anayeisimamia ni Paul Eggert wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Ni kazi ya kujitolea, inayoendeshwa kwa barua pepe kutoka kwa watu wa kila nchi: huyu anatuma tangazo la baraza la mawaziri, yule anatuma kipande cha gazeti. Tangu Oktoba 2011 orodha inatunzwa chini ya IANA, chombo kinachosimamia namba na majina ya intaneti. Ilipelekwa huko baada ya kampuni moja ya programu za unajimu kuwashitaki Olson na Eggert, ikidai kwamba historia ya saa za miji ni mali yake. Wanajimu walikuwa na sababu ya kuijali historia hiyo: hawawezi kupiga hesabu ya nyota ya mtu bila kujua saa halisi aliyozaliwa. Kesi iliondolewa Februari 2012. Nawaomba mkumbuke habari ya wanajimu, kwa sababu itatufikisha Dar es Salaam na Kampala.

Kila sehemu katika orodha hupewa jina la bara na la mji: Africa/Nairobi, Asia/Beirut, Europe/London. Ni mji, wala si nchi, kwa sababu mipaka na majina ya nchi hubadilika mara nyingi kuliko miji. Na kila mara kanuni zinapobadilika, hutoka toleo jipya lenye mwaka na herufi. Tarehe 23 Machi 2023 lilitoka toleo la 2023b, likiwa na uamuzi mpya wa Lebanon. Siku tano baadaye likatoka la 2023c, lililorudisha kila kitu kama kilivyokuwa kabla ya vurugu.

Sasa angalieni matokeo yake. Ukiuliza kompyuta leo, Jumatatu ya tarehe 27 Machi 2023 saa 3 asubuhi mjini Beirut ilikuwa saa ngapi ya dunia, itakujibu kana kwamba saa zilisogezwa siku moja kabla, ile Jumapili. Kumbe kwa amri ya serikali zilisogezwa Alhamisi. Kwa siku nne hizo kumbukumbu za kompyuta ziko upande wa kanisa na televisheni. Hospitali ya Beirut iliyoandika saa za wagonjwa wake kwa saa ya serikali, ikitaka kujua leo mgonjwa fulani alipewa dawa saa ngapi hasa, haiwezi kuitegemea orodha. Itabidi mtu akumbuke, au awe ameandika pembeni.

Kwa maoni yangu wasimamizi wa orodha walitenda sawa. Toleo jipya halifiki kwenye simu siku linapotoka. Huchukua siku nyingi, wakati mwingine miezi. Wangeiacha 2023b isimame, kuna vifaa ambavyo vingeipokea baada ya serikali kujirudi, na watu wangeendelea kuchelewa kazini mpaka Aprili. Lakini ona mzigo waliotwishwa: watu wachache wanaojitolea, nje ya nchi, wanaamua ndani ya siku chache nchi nzima ya watu wa mbali itakumbukwa kuwa ilikuwa na saa gani.

Lebanon haiko peke yake. Misri mwaka 2016 ilipanga kurudisha saa za majira ya joto kuanzia usiku wa tarehe 7 Julai, ikafuta mpango huo siku chache tu kabla. Mwaka 2023 ikazirudisha kweli, lakini safari hii ilitangaza tangu Machi kwa jambo la mwisho wa Aprili. Moroko tangu 2018 inakaa saa moja mbele ya saa ya dunia mwaka mzima isipokuwa Ramadhani, inaporudi nyuma kwa saa moja kisha kusonga tena mbele mfungo ukiisha. Kwa hiyo ndani ya orodha kuna jedwali la Ramadhani za Moroko zilizokadiriwa mpaka mwaka 2087. Sisi watu wa pwani tunajua maana ya kusubiri mwezi uandame. Humo mafundi wameukadiria kwa miaka sitini na zaidi mbele, wakiwa tayari kusahihisha kila tangazo litakapokuja. Naiheshimu sana kazi ya namna hiyo.

Tuje kwetu. Kenya imekaa saa tatu mbele ya saa ya dunia tangu 1942. Hakuna kijana wa Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam au Kampala aliyewahi kusogeza saa yake kwa amri ya serikali. Tuko karibu na ikweta, mchana na usiku vinakaribiana mwaka mzima, hatuna haja nayo. Tunaliona jambo hili kwa wenzetu tu. Mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza inayoanza saa 9 alasiri huko London, mwezi Septemba tunaitazama saa 11 jioni. Ikifika Novemba, saa 12. Mwenye ndugu Minnesota anajua kwamba kuna miezi tofauti ni saa nane na kuna miezi ni saa tisa. Na dereva wa lori anayevuka Rusumo kuingia Rwanda anarudisha saa moja nyuma, yakaisha.

Utulivu huu ni neema, lakini umetuletea mazoea mabaya katika kuandika mifumo ya kompyuta, na hilo ndilo lililonikalisha hapa leo. Tumeizoea saa kama namba isiyobadilika: ongeza tatu, basi. Ukifungua mipangilio ya kanzidata katika ofisi nyingi za huku utaikuta: alama ya kujumlisha, sifuri, tatu, nukta mbili, sifuri, sifuri. Hakuna jina la mji. Na sababu yake ya kiufundi inaeleweka. Chukueni MySQL, kanzidata inayotumika sana kwenye tovuti na mifumo ya biashara ndogo na za kati. Unapoifunga upya, majedwali yake ya kanda za saa yapo, ila yako matupu. Mpaka fundi apakie data yenyewe, ukiiambia ibadilishe saa kutoka Africa/Nairobi kwenda Europe/London itakurudishia jibu tupu, bila kukugombeza, bila kukuambia kosa liko wapi. Fundi mwenye haraka anaandika jumlisha tatu, mambo yanakwenda, anafunga kazi.

Yanakwenda mpaka lini? Mpaka kampuni ifungue ofisi Juba.

Tarehe 1 Februari 2021, ilipofika saa 6 usiku, Sudan Kusini ilirudisha saa nyuma kwa saa moja. Tangu mwaka 2000 ilikuwa saa moja na sisi, tangu ikiwa bado sehemu ya Sudan. Usiku ule ikahamia saa mbili mbele ya saa ya dunia. Hii ni nchi mwanachama wa Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki, ina wafanyabiashara, madereva na mabenki kutoka Kampala na Nairobi. Toleo la orodha lenye badiliko hilo, 2021a, lilitoka tarehe 24 Januari. Hesabuni wenyewe: wiki moja na siku moja, kwa kila benki, kila hospitali na kila kampuni ya simu yenye shughuli Juba kulipokea, kulijaribu na kulipakia.

Tuseme kliniki ya Juba, mwezi Desemba 2020, ilimwandikia mama mjamzito aje tarehe 10 Februari saa 3 asubuhi. Mfumo ukafanya kile ambacho wengi hufundishwa kwamba ndicho sahihi siku zote: ukaigeuza saa hiyo kuwa saa ya dunia, ukaandika kwenye kanzidata saa 12 asubuhi ya UTC, na maneno ya asili ukayatupa. Februari ikafika, data mpya ikapakiwa kama inavyotakiwa. Mfumo ukachukua saa 12 ya dunia, ukaongeza mbili badala ya tatu, ukasema miadi ni saa 2 asubuhi. Ujumbe wa simu ukaenda kwa mama: njoo saa 2. Nesi aliyemwandikia alimwambia saa 3, na kadi yake inasema saa 3. Hapo hakuna aliyezembea. Data imesasishwa, hesabu ni sahihi, na jibu ni la uongo.

Kosa liko kwenye kile kilichohifadhiwa. Yule mama hakuahidiwa nukta fulani ya saa ya dunia. Aliahidiwa saa 3 ya Juba, iwe Juba imekaa wapi siku hiyo. Kwa hiyo miadi ya mbele inatakiwa iandikwe kama ilivyosemwa: tarehe, saa ya ukutani, na jina la mji, Africa/Juba. Saa ya dunia ipigiwe hesabu siku inapohitajika, kwa kanuni za siku hiyo. Jambo lililokwisha kutokea ni tofauti kabisa. Malipo yaliyopita jana, simu iliyopigwa, mlango uliofunguliwa, hayo yaandikwe kwa saa ya dunia, maana yameshatokea na hakuna amri ya serikali itakayoyahamisha. Mifumo mingi inayachanganya haya mawili ndani ya safu moja ya jedwali.

Na kwa nini yaliyopita tusiyaandike kwa saa ya ukutani? Rudini Juba usiku ule ule. Saa 5 usiku ya tarehe 31 Januari 2021 ilipita, ikafika saa 6, saa zikarudi, na saa 5 ikapita mara ya pili. Tuseme katika hospitali moja walizaliwa pacha. Kurwa akatoka saa 5 na dakika 50, kabla saa hazijarudishwa. Doto akamfuata baada ya dakika 20. Saa ya ukutani wakati huo inasema saa 5 na dakika 10. Katika daftari na katika kanzidata iliyoandika saa ya ukutani peke yake, Doto ni mkubwa wa Kurwa kwa dakika 40. Wakubwa zetu wanaojua uzito wa nani alitangulia kutoka hawatalichukulia hilo kama jambo la kuchekesha. Weka badala ya watoto miamala miwili ya benki, kuweka na kutoa, na utaona jinsi salio linavyoweza kuonekana limekwenda chini ya sifuri wakati halikwenda.

Kuna jambo lingine ambalo hata watu wa IT huwa linawashtua. Wengi hudhani kompyuta moja ina nakala moja ya orodha hii. Siyo hivyo. Mfumo endeshi wa seva una nakala yake. PostgreSQL, kanzidata nyingine, huja na nakala yake ndani ya kifurushi, ambayo husasishwa kila toleo dogo linapotoka, isipokuwa aliyeifunga amechagua itumie ile ya mfumo endeshi. MySQL ina yale majedwali niliyoyataja, ambayo yakishapakiwa mara moja hubaki hivyo hivyo mpaka mtu ayapakie tena. Kanzidata ya Oracle ina mafaili yenye namba ya toleo, na ukihama kutoka toleo moja kwenda jingine inabidi safu zenye kanda za saa ndani ya kanzidata zikaguliwe na kugeuzwa kwa zana maalumu. Programu iliyoandikwa kwa lugha ya Java nayo ina nakala ya Java. Halafu iko simu ya mteja. Nakala nne au tano katika safari ya ujumbe mmoja, na kila moja inaweza kuwa ya mwaka wake. Fundi anasasisha mfumo endeshi, anapumua, anadhani amemaliza. Kanzidata bado inaishi mwaka wa jana.

Na msidhani kwamba safu iitwayo saa yenye kanda huhifadhi kanda. Katika PostgreSQL safu ya aina hiyo huhifadhi nukta ya wakati tu. Jina la mji uliloandika hutumika kupiga hesabu, kisha husahaulika. Ukilitaka baadaye, lazima uwe umeliandika kwenye safu yake yenyewe. Nimesema hili taratibu kwa sababu anayelipuuza haligundui siku anapojenga mfumo. Hugundua siku serikali fulani inapotoa tangazo.

Labda mtu wa Nairobi au Arusha atasema, sawa, lakini mimi sina ofisi Juba, wala London. Kwangu jumlisha tatu inatosha. Huyo nimpeleke kwenye mistari ya Africa/Nairobi ndani ya orodha, maana ni mistari ya kusisimua kwa anayependa historia. Wa kwanza unasema saa mbili, dakika 27 na sekunde 16. Hiyo ni saa ya jua: jua la mchana linapita juu ya Nairobi muda huo kabla ya kupita juu ya Greenwich. Ilidumu mpaka Mei 1908. Kuanzia hapo serikali ya kikoloni ikaweka saa mbili na nusu. Usiku wa tarehe 30 Juni 1928 wakasogeza nusu saa mbele, ikawa saa tatu kamili. Hawakudumu nayo. Mwanzoni mwa Januari 1930 wakarudi saa mbili na nusu. Mwaka 1936 ulipoisha wakahamia saa mbili na dakika 45. Ndipo mwisho wa Julai 1942, katikati ya vita, tukafika saa tatu tulizonazo. Utulivu tunaojivunia ulitanguliwa na zaidi ya miaka thelathini ya kuhangaika.

Mistari hii ya zamani inafika mpaka mezani kwa karani wa leo. Zipo programu za majedwali ya hesabu ambazo ukiandika saa bila tarehe, kwa mfano saa 2 kamili asubuhi ya kufungua ofisi, kimoyomoyo huipa tarehe ya mwisho wa Desemba 1899. Programu nyingine inayosoma jedwali hilo inaona: Nairobi, mwaka 1899, kumbe kanuni ni saa mbili, dakika 27, sekunde 16. Inaigeuza kuwa saa ya dunia kwa kanuni hiyo, kisha inaionyesha kwa kanuni ya leo ya saa tatu. Saa 2 kamili inatoka upande wa pili ikiwa saa 2 na dakika 32 na sekunde 44. Ukiona siku moja dakika 32 na sekunde 44 za ajabu kwenye ripoti yako, usimlaumu karani wala usibadilishe mashine. Umekutana na jua la Nairobi la kabla ya 1908.

Mpaka 2020 orodha ilikuwa inasema kwamba Kenya ilifika saa tatu mwaka 1960. Ilisahihishwa baada ya mtu mmoja kupekua magazeti rasmi ya serikali ya kikoloni na kutuma tarehe na sheria zenyewe. Tofauti ya miaka 18 ikafutwa kwa kurasa chache za gazeti la serikali.

Dar es Salaam na Kampala bado hazijapata bahati hiyo. Orodha ina kanuni kwamba sehemu mbili zilizokuwa na saa moja tangu mwaka 1970 zihesabiwe kuwa sehemu moja, kwa sababu kompyuta nyingi huanza kuhesabu muda kutoka tarehe 1 Januari 1970. Kwa kanuni hiyo Africa/Dar_es_Salaam na Africa/Kampala ni majina tu yanayoelekeza kwa Africa/Nairobi, pamoja na Mogadishu, Djibouti, Addis Ababa, Asmara, hata Komoro na Antananarivo. Historia zao wenyewe zimewekwa kwenye faili la pembeni, ambalo anayejenga mfumo anaweza kulichagua akilijua, na wengi hawalijui. Faili hilo linasema Dar es Salaam ilikaa kwenye saa ya jua mpaka 1931, ikawa saa tatu, kisha kutoka 1948 mpaka 1961 ikawa saa mbili na dakika 45. Kampala nayo ina ngazi zake. Mzee aliyezaliwa Dar mwaka 1950, kanzidata ikitumia orodha ya kawaida, saa yake ya kuzaliwa inapigiwa hesabu kwa kanuni ya Nairobi, tofauti ya dakika 15 na ile iliyoandikwa pembeni kwa ajili ya mji wake.

Hiyo ya pembeni nayo imetoka wapi? Kwa sehemu kubwa imetoka kwenye atlasi ya Thomas Shanks, iliyochapwa Marekani kwa ajili ya wale wanajimu niliowataja. Haikutoka kwenye gazeti la serikali ya Tanganyika wala la Uganda. Zanzibar, iliyokuwa na sultani wake, sheria zake na gazeti lake rasmi, haina hata jina katika orodha. Imeingizwa ndani ya Dar es Salaam, ambayo imeingizwa ndani ya Nairobi. Mimi siwalaumu wasimamizi kwa hilo. Wanaandika walicholetewa, na Kenya imeonyesha kwamba wakiletewa ushahidi wanausikiliza. Linaloniuma ni kwamba ushahidi tunao sisi, umekaa kwenye makabati yetu.

Watunzaji wa Nyaraka za Taifa pale Dar es Salaam, wa Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani, na walimu wa historia wenye wanafunzi wanaotafuta mada ya tasnifu, nawasemesha ninyi sasa. Amri ya kubadili saa katika zama za ukoloni ilitolewa kwa sheria na ilichapwa. Kwa Tanganyika anzieni miaka ya 1931, 1948 na 1961, mwone kama tarehe hizo zinasimama. Kwa Uganda tazameni 1928, 1930, 1948 na 1957. Kwa Zanzibar anzeni mwanzo kabisa, maana hakuna aliyewatangulia. Barua pepe ya kupeleka masahihisho iko wazi kwa mtu yeyote, na kinachotakiwa ni picha ya ukurasa, tarehe ya gazeti na namba ya sheria.